Barua ya wazi kwa wakubwa wa utafiti: mama yangu sio mvivu, kipimo chenu ndo kina shida

Kwa: Wakuu wa mradi wa kupima shughuli za mwili kwa akina mama wazee wa mialo ya Mwanza, yaani fukwe zinakoshushwa samaki (jina la mradi silitaji, mnajijua)

Nakala: Wakubwa wa afya mliopokea ripoti, wenyeviti wa mitaa ya mwaloni, na yeyote mwenye mama

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MLIVYOWAPIMA MAMA ZETU

Waheshimiwa,

Shikamooni, na kwa walio wadogo kwangu habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya sekondari, mzaliwa wa mwalo mmoja upande wa Ilemela hapa Mwanza, na ni mtoto wa pili wa mama ambaye kwenye mradi wenu hana jina, ana namba tu, na mbele ya hiyo namba mmeandika "shughuli za mwili: hafifu". Ana miaka 68. Karatasi aliletewa na mhudumu wa afya wa mtaa ikiwa imekunjwa mara nne, chini yake kuna ushauri kwamba ajitahidi kutembea dakika 30 kila siku. Mama kusoma kunamsumbua kwa hiyo nilimsomea mi mwenyewe, akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, kutembea kwenda wapi?

Sijakurupuka kuja hadharani, hilo naomba lieleweke kwanza. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri ndo jibu pekee nililopata. Nikaandika ya pili. Nikatuma imeili. Mara ya nne nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu wa shule, nikapanda daladala mpaka mjini, nikakaa kwenye benchi lenu kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, dada wa mapokezi (alikuwa mpole, sina neno naye) akaniambia anayehusika yupo semina. Ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa, ambayo mmesema mshiriki apige akiwa na swali lolote, haipatikani, nimeijaribu mpaka nimeikariri. Kijana aliyekuja kuhoji ndo pekee aliyenijibu, kwa WhatsApp, akasema "madam mi nilikuwa natekeleza tu". Namwelewa na wala simlaumu.

Ningeachia hapo kama isingekuwa ule mkutano wa mtaa wa mwezi uliopita. Tukaambiwa utafiti umeonyesha wazee wetu wa kike hawajishughulishi, kwa hiyo kinaanzishwa kikundi cha joging cha akina bibi, tisheti zimeshachapishwa. Kioski cha maji tulichokiomba tangu enzi hizo, hicho bado kipo kwenye mchakato. Watu wazima walicheka mle ndani mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mi sikucheka, kwa sababu najua hiyo hesabu ilivyopatikana, nilikuwepo, mi ndo nlikuwa natafsiri Kiswahili kwenda Kisukuma siku mlipomhoji mama na majirani zake. Kwa hiyo malalamiko yangu haya hapa, moja moja.

1. Maswali yenu yaliulizwa kwa maneno ambayo mama zetu wanayaelewa tofauti na nyie.

Dodoso mlilotumia ni GPAQ, la Shirika la Afya Duniani (WHO), maswali 16, linauliza kuhusu kazi, kutembea kwenda sehemu, burudani na michezo, na muda wa kukaa. Nimelisoma lote. Sio dodoso baya, nasema ukweli. Shida ni lilivyotoka mdomoni kwa kijana wenu. Alianza hivi: mama, je kazi yako inahusisha shughuli za kutumia nguvu nyingi? Mama akajibu kwa heshima kabisa, mwanangu mi sina kazi, mi nipo tu nyumbani. Kijana akagusa HAPANA kwenye tableti akapita. Yaani nyuma ya mama pale kulikuwa na ndoo mbili, jembe lenye udongo mbichi wa asubuhi ile ile, na mjukuu mgongoni!

Kwa kizazi cha mama, kazi ni ya kuajiriwa. Mwalimu ana kazi, karani wa kiwanda cha samaki ana kazi, mgambo ana kazi. Kuteka maji, kupalilia muhogo, kuanika dagaa, kulea wajukuu wanne ambao baba yao yuko visiwani anavua, hayo hayaitwi kazi, hayo ni maisha tu, mtu ameamka anayaishi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dodoso lenyewe lina maelezo ya utangulizi yanayosema wazi kwamba kazi ni pamoja na isiyolipwa, kazi za nyumbani, kuvuna, hata kuvua samaki. Maelezo hayo yapo pale ili yasomwe kwa sauti. Kijana aliyaruka, nadhani alikuwa na bibi wengine tisa wa kumaliza siku ile. Nilipojaribu kuingilia nikaambiwa madam tafsiri tu, usimsaidie kujibu.

Likaja la mazoezi. Mama akacheka akashika kiuno, mazoezi ya nini, mi ni askari? HAPANA nyingine.

Alafu likaja swali la kukaa, na hili naomba mlisome taratibu. Kijana akauliza, mama, kwa siku ya kawaida unakaa muda gani? Sasa wote hapa tunaongea Kiswahili, kukaa ni kuweka makalio chini na kukaa pia ni kuishi. Unakaa wapi? Nakaa Igoma. Mama akajibu, mi nakaa hapa hapa, siku nzima nipo hapa, siendi popote. Kijana akaandika saa 12. Saa kumi na mbili za kukaa kitako! Jirani yetu, bibi wa miaka 77, yeye alijibu nakaa hapa tangu nilipoolewa, sijui yeye mlimwandikia miaka mingapi ya kukaa.

Na kuna lile sharti la "angalau dakika 10 mfululizo". Mama hana saa. Kazi zake zimekatika katika, anafagia kidogo mtoto analia, anambeba, anarudi kukoleza moto, mbuzi kaingia kwenye mboga anamfukuza. Nani anajua ni dakika ngapi mfululizo? Hilo sharti WHO wenyewe waliliondoa kwenye mwongozo wao wa mwaka 2020, wakasema kila mwendo unahesabika hata uwe mfupi, mtu mzima na mzee pia walenge dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli za wastani. Nyie mmeziondoa dakika za mama kwa sharti ambalo mwongozo hauna tena.

2. Kifaa cha kiunoni kilikuwa hakipo kiunoni pale alipotumia nguvu nyingi.

Mlimvalisha kile kidude cha kupima mwendo, chenye mkanda wa lastiki, kwa siku 7. Mkamwambia asikiloweshe. Mama ni mtiifu, mali ya watu kwake ni kama mboni ya jicho, kwa hiyo kila alipokwenda ziwani alikivua akakificha ndani ya sufuria. Kila alipokwenda ziwani, naomba mnielewe. Kwenda kuteka maji, kwenda kufua, kwenda kupokea dagaa kwenye mtumbwi ambapo unaingia majini mpaka magotini na beseni kichwani. Kifaa chenu kilikuwa kimelala kwenye sufuria, kinaandika sifuri.

Sasa hapa nageuka mwalimu kidogo, mnisamehe. Nimesoma kwenye muhtasari wenu uliobandikwa ofisi ya kata (niliupiga picha) kwamba mashine ikiona sifuri dakika 60 mfululizo inaelewa kifaa kimevuliwa, muda huo unafutwa, na siku ikibaki na chini ya saa 10 za kuvaa inatupwa yote. Ni utaratibu wa kawaida, nimeona wengi wanaufanya. Ila ufuateni mpaka mwisho. Mama akikivua nusu saa kwenda kuteka maji, haijafika dakika 60, kwa hiyo mashine inaamini amekivaa na amekaa ametulia. Na siku ya kufua, anakivua asubuhi, wajukuu wanne na mashuka, anarudi mchana, anajisahau mpaka jioni, siku nzima inatupwa. Mlitupa siku mbili za mama. Zote mbili za kufua. Kwa hiyo nusu saa za maji zimegeuka kuwa za kukaa na siku nzito zimefutwa, alafu mkachukua wastani wa mabaki!

Na hata angekivaa. Kile kidude kinahisi mtikisiko wa kiuno, mzigo hakiujui. Mama ana kilo 54, ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji ukiachia ndoo yenyewe, yaani zaidi ya theluthi ya mwili wake iko kichwani. Na Mwanza yetu mnaijua, mawe juu ya mawe. Anapanda polepole, anaweka mguu anapima, anaweka mwingine. Kwa mashine hiyo ni bibi anayejikongoja, hatua zingine haizioni kabisa kwa sababu vifaa vya aina hii vinajulikana kukosa hatua za mtu anayetembea taratibu. Kuinama kuanika dagaa saa mbili, mikono inafanya kila kitu, kiuno kimekunjwa hapo hapo. Kupalilia hivyo hivyo. Kubeba mjukuu kwa mbeleko hivyo hivyo.

Nilihesabu mwenyewe likizo iliyopita, nikimfuata nyuma na daftari kama chizi. Kutoka mlangoni mpaka ziwani ni hatua 640, kurudi 640, anakwenda mara nne kwa siku. Hiyo ni 5,120 kwa maji peke yake, hajaenda shamba, hajaenda gulioni. Karatasi yenu inasema wastani wa hatua 2,310.

3. Mmempima kwa mizani ya vijana.

Muhtasari unasema mtikisiko ukifika 1,952 kwa dakika ndo unahesabiwa kuwa shughuli ya wastani. Nikajiuliza hii namba imeanguka kutoka wapi. Nikatafuta. Inatoka kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 1998, waliwapandisha vijana 50, wa kike 25 na wa kiume 25, umri wao ishirini na kitu, kwenye mashine ya kutembelea na kukimbilia. Hakuna bibi hata mmoja. Mwaka 2009 watafiti wengine wakafanya jambo hilo hilo kwa wazee, wao wakapata 1,041. Karibu nusu! Sababu inaeleweka hata na mtoto wa form one, mwili wa miaka 70 unatumia nguvu nyingi zaidi kufanya mwendo ule ule, kinachomtoa kijana kijasho kidogo kinamtoa mzee jasho kweli. Kwa hiyo dakika zote za mama zilizoangukia kati ya 1,041 na 1,952 nyie mmeziita mchezo.

Wenzenu huko Marekani walivyotaka kuwapima akina mama wa miaka 63 na kuendelea, kwenye utafiti unaoitwa OPACH, hawakuchukua tu namba ya vijana. Walichukua kikundi cha wazee wenyewe, wakawapima hewa wanayovuta huku wanaosha vyombo, wanapiga deki, wanatembea, alafu ndo wakapanga viwango. Vyombo vya kule sinki liko usawa wa kiuno na maji yanatoka ukutani, sawa, havifanani na vyetu, lakini wazo lao ndo lile lile ninalolidai hapa.

Nimekuta mtu kwenye semina yenu ya mrejesho pia aliwaambia wazee hatua 10,000 kwa siku. Hiyo namba haikutoka kwa daktari, imetoka Japani mwaka 1965 kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa, Manpo-kei, maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Ni namba ya biashara. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 uliofuatilia akina mama wa Marekani zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 72, uliona waliokuwa na hatua kama 4,400 walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 41 kuliko waliokuwa na 2,700, na faida ikaacha kupanda kwenye kama 7,500 hivi. Sisemi hatua ndo zilizowaokoa, labda waliokuwa wagonjwa ndo walikuwa hawatembei, ila bibi wa miaka 77 kuambiwa elfu kumi ni kumkatisha tamaa bure.

4. Mlikuja wiki ya mbalamwezi.

Hili sijui kama kuna mtu ofisini kwenu amewahi kuliwaza. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi ya dagaa inapaki, wavuvi wanashona nyavu na wanakunywa, na mama zetu wanapumzisha migongo. Inakuwa kama wiki hivi. Kila mtu wa mwaloni anajua, watoto wa chekechea wanajua. Nyie mlivalisha vifaa wiki hiyo hiyo kwa akina mama 46.

Mngekuja kwenye giza mngeona. Saa 11 alfajiri mama yuko mchangani anasubiri, mitumbwi ikiingia anagombania ndoo zake, anabeba mpaka kwenye chanja, anamwaga, anatandaza, jua likipanda anageuza, wingu likitokea anakimbia (anakimbia kweli, miaka 68) kukusanya kabla mvua haijawaharibu maana dagaa wakinyeshewa bei yake inakuwa ya chakula cha kuku. Jioni anakaa na ungo kuchambua mchanga na furu (visamaki vingine). Huyo ndo mtu mliyempima akiwa likizo mkaandika hafifu. Mimi mkinipima mwezi wa kumi na mbili shule zimefungwa mtasema walimu hawashiki chaki.

5. Kale kataa.

Hiki kifupi lakini ndo kilinikosesha usingizi. Vifaa vyenu vina kataa kanamulika mara moja moja, hata ndani ya kitenge kanaonekana usiku. Mnajua mko wapi. Hii ni Usukumani, ambako akina mama wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yanakuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Hiyo sio hadithi ya zamani sana. Alafu mnamvalisha bibi anayeishi peke yake kitu kinachomulika kiunoni gizani, hamjaitisha mkutano wa mtaa, hamjawaeleza majirani, mmempa karatasi ya ridhaa ya kurasa nne aweke dole gumba. Kuna bibi wawili walikitupa chooni siku ya pili, nyie mkaandika "kifaa kimepotea" na mkataka kuwadai. Walikuwa na akili kuliko mradi mzima.

6. Upande wa pili nako mmekosea, na hili nalisema ili msidhani natetea kila mzee.

Nina mama mdogo anakaa Nyegezi kwa binti yake (anakaa, anaishi, msije mkaandika saa 12). Nyumba ya geti, maji ndani, dada wa kazi yupo, yeye ni kochi na tamthilia kuanzia chai mpaka chakula cha usiku, sukari iko juu na presha iko juu. Alihojiwa na nyie pia. Yeye ni mjanja, alishasikia kliniki kwamba mazoezi ni muhimu, kwa hiyo akawaambia natembea kila asubuhi saa nzima na naenda jumuiya kwa miguu. Jumuiya ni nyumba ya tatu. Karatasi yake imeandikwa "shughuli za mwili: nzuri" na ameibandika kwenye friji, akitembelewa anaionyesha. Kwa hiyo aliyetakiwa kuhimizwa amepongezwa, na anayebeba maji mawe kwa mawe ameambiwa atembee.

7. Kitu ambacho kingemsaidia mama hamkukigusa kabisa.

Sisemi ndoo ni afya. Magoti ya mama yamekwisha, shingo inamuuma, na watafiti wenyewe wanabishana kama shughuli nzito za lazima zinaujenga mwili kama matembezi ya hiari. Lakini hakuna aliyempima nguvu ya miguu wala kama anaweza kusimama bila kuyumba. Mwongozo ule ule wa 2020 unasema wazee wafanye mambo ya kujenga usawa wa mwili na nguvu angalau siku tatu kwa wiki ili wasianguke. Kipimo kimoja cha nguvu ya miguu kinataka kiti na saa tu, mzee anyanyuke na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30. Kiti tunacho. Mwaka huu bibi wawili wa mtaa wetu wameteleza kwenye yale mawe ya ziwani, mmoja nyonga imevunjika na hajanyanyuka mpaka leo. Hilo kwenye tableti lilikuwa halina kisanduku.

Najua mtakachosema, nimeshasikia nusu yake kwenye benchi lile.

Mtasema dodoso limekubalika kimataifa. Sawa, na mimi nalikubali, lakini lilikubalika pamoja na utangulizi wake, na kadi zake za picha za mifano ya mahali husika, na agizo la kutafsiri kwa uangalifu. Nyie mmelichukua bila hayo.

Mtasema sampuli ni kubwa, makosa ya huyu yanafutwa na makosa ya yule. Hapana waheshimiwa, hapo mmemkanyaga mwalimu wa hesabu. Makosa yanafutana pale yanapokwenda huku na huku kwa bahati. Yakienda upande mmoja kwa watu wa aina moja, yaani kila bibi wa mwaloni anashushwa na kila bibi wa geti anapandishwa, ukiongeza watu unazidisha uhakika wa jibu la uongo.

Mtasema walisaini. Waliweka dole gumba. Mtasema bajeti. Tisheti zimepatikana.

Na mtasema nani kawaambia kuna njia nyingine. Zipo. Kuna dodoso la PASE, lilitungwa kwa ajili ya wazee, lipo tangu 1993, linauliza kazi za ndani, bustani, na hata kumhudumia mtu mwingine, ingawa na lenyewe lina mambo ya kukata majani ya uwanja ambayo itabidi myaondoe. Na hapa hapa Tanzania, kule Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, miaka ya themanini mtafiti Kristen Hawkes na wenzake hawakumuuliza bibi unafanya mazoezi? Walikwenda nao porini, wakahesabu saa, wakapima mizizi waliyochimba. Walichokiona kuhusu mabibi wale na chakula cha wajukuu wao kimebadilisha jinsi dunia inavyofikiria kwa nini mwanamke anaendelea kuishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa. Wale mabibi wangepewa tableti yenu wangeandikwa HAPANA, HAPANA, saa 12.

Ninachoomba, na naomba kwa niaba ya akina mama 31 kati ya wale 46 ambao nimewasomea barua hii kwa Kisukuma chini ya mwembe wakaikubali:

Kwanza, lile neno "hafifu" liondolewe kwenye karatasi zao na kwenye ripoti iliyoko kata, iandikwe kwamba kipimo kinarudiwa. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji kalamu.

Pili, mrudie mahojiano kwa maneno yaliyojaribiwa kwanza na bibi wenyewe. Msianze na kazi wala mazoezi. Anzeni na "jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini, alafu nini", muache aongee mpaka usiku, kuhesabu dakika ni shughuli yenu. Kwa kukaa, semeni kukaa kitako.

Tatu, vifaa vivaliwe giza na mbalamwezi, na masika na kiangazi, viwe vya kuingia majini, taa yake izibwe, na mkutano wa mtaa uitishwe kabla sio baada. Viwango viwe vya wazee, na ikiwezekana mpime kwanza bibi wachache wa hapa hapa wakibeba na kuanika.

Nne, mtu wenu akae mwaloni siku nzima na daftari. Hata mmoja tu.

Tano, hiyo joging isubiri. Wakitaka wataicheza wenyewe, kuna bibi wawili tisheti wanazitaka kweli. Ila msiseme utafiti ndo umeielekeza.

Natoa siku 30 kuanzia leo, nijibiwe kwa maandishi, na safari hii muhuri wa kupokelewa peke yake sitauhesabu. Kimya kikiendelea nitazisoma namba hizi hizi kwenye mkutano mkuu wa mtaa, nikiwa na ndoo moja ya lita 20 iliyojaa kwa ajili ya yeyote wenu atakayependa kuijaribu mpaka kwa mama.

Mama anawasalimu. Anasema mkija mje saa 12 asubuhi kwenye giza, mvae viatu visivyoteleza, soda msilete. Anasema pia kile kidude chenu kimoja bado kipo kwenye sufuria, hakuna aliyekuja kukichukua.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu,
mtoto wa mshiriki namba 31